Kompyuta ya Mezani Inapojiwasha Ovyo: Anzia Ukutani

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Bujumbura, wakiletewa mashine ya mezani inayojizima na kujiwasha yenyewe, wana jibu moja: tuifomati. Faili zinafutwa, Windows inawekwa upya, mteja analipa, na wiki haiishi mashine imerudia mchezo wake. Ubaya wa tiba hiyo ni kwamba inaanzia mwisho. Kompyuta iliyokwisha kutumika miaka kumi na zaidi, katika mji wa joto kandokando ya Ziwa Tanganyika, wenye umeme unaokatika na kuyumba, kwa kawaida haiumwi programu. Ama umeme unaoiingia si mzuri, ama joto lake halipati pa kutokea. Windows huja nyuma ya hayo mawili, na virusi nyuma zaidi. Kwa hiyo tuanzie ukutani tuingie ndani polepole, na usinunue kifaa chochote mpaka mashine yenyewe ikuonyeshe inachokosa.

Kabla hata ya kushika bisibisi, nakili kazi zako. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, unaweza kupoteza faili, na siku mbaya Windows nzima. Chomeka flashi au diski ya nje, uhamishe barua, picha, hesabu za duka, orodha za wanafunzi, chochote ambacho huwezi kukiandika tena. Kama mashine haikai hewani muda wa kutosha kunakili, itoe diski yake ichomekwe kwenye kompyuta nzima, kazi zako ziokolewe hapo.

Isikilize kwanza

Weka daftari pembeni ya kibodi. Kila inapojizima andika saa, ulichokuwa ukifanya, na namna ilivyozima. Hiyo namna ndiyo inayosema mengi. Ikikatika ghafla, kioo kikawa cheusi na mara nembo ya Dell au HP ikatokea, shuku umeme au pawa saplai. Ikitoa kioo cha bluu chenye maandishi meupe, hata kwa sekunde moja, shuku RAM, dereva au diski. Ikizima na kukataa kuwaka mpaka ipumzike, hilo ni joto. Na ikikuarifu kwa adabu kwamba inafunga, basi kuna programu iliyoamuru hivyo, mara nyingi masasisho ya Windows.

Baada ya siku kadhaa daftari litaanza kuonyesha mwenendo. Kama inajizima zaidi jioni, wakati mtaa mzima umewasha taa, televisheni na pasi, umeme wako unashuka. Kama ni mchana wa jua kali chini ya bati, tazama feni. Wenye sekretariati publiki, yaani vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, waangalie jambo jingine: je, inajizima pale printa ya leza au fotokopi inapoanza kazi? Mashine hizo, kila zinapopasha moto roli ya kugandishia wino, huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kama zimechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, kompyuta ndiyo inayoumia. Nimeona ofisi iliyobadilishiwa RAM na diski kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kuhamishia printa kwenye prizi ya ukuta wa pili.

Kuna mpangilio mmoja ndani ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ambao huwachanganya watu. Kompyuta nyingi za mtumba zilitoka maofisini, na huko zilipangwa zijiwashe zenyewe umeme ukirudi. Kwenye Dell OptiPlex mpangilio huo huitwa AC Recovery, kwenye HP huitwa After Power Loss. Mwenye mashine hakuuona umeme ukikatika, anaona tu kompyuta inawaka upya, anasema ina wazimu. Washa mashine, bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo mara nembo inapotokea, utafute mpangilio huo na uuweke Off. Tangu hapo, umeme ukikatika kabisa, mashine itabaki imelala mpaka uiwashe kwa kidole. Ikiendelea kujiwasha licha ya hivyo, kuna mambo mawili tu: ama kasoro iko ndani, ama mtikisiko wa umeme ulikuwa mfupi mno.

Waya, adapta na umeme wenyewe

Prizi za Burundi ni za mtindo wa Ubelgiji na Ufaransa: matundu mawili ya duara, na kwenye zilizo kamili, kijiti cha ardhi kinachochomoza. Kompyuta nyingi za mtumba, hasa zilizopitia Dubai, Dar es Salaam au Kampala, huja na plagi ya Kiingereza yenye meno matatu bapa. Kati ya hivyo viwili huwekwa adapta ya bei ya chini, na adapta hiyo ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Mashine inayojizima mtu akipita karibu na meza, au mfagio ukigusa waya, usiipeleke popote. Chomoa adapta uitazame: ukiona doa jeusi, plastiki iliyoanza kuyeyuka, au jino linalocheza, umempata mwizi. Nunua waya mzima wenye plagi ya hapa. Na kabla ya kununua, jaribu bure: mara nyingi waya wa monita na wa kompyuta ni wa aina moja upande wa nyuma, basi zibadilishe uone kama ugonjwa utahama.

Ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukiwa pekupeku ukahisi kutekenywa na umeme, jua kwamba prizi yako haina waya wa ardhi au adapta imeukata. Hilo peke yake si sababu ya kujizima, lakini linakwambia kwamba ekstensheni yenye kinga ya radi uliyoinunua haifanyi kazi inavyotakiwa, maana kinga nyingi humwaga umeme wa ziada kwenye ardhi. Msimu wa mvua, ngurumo zikianza, chomoa kila kitu.

Sasa umeme wenyewe. Mji huu hulishwa kwa sehemu na mitambo ya maji iliyo nje ya mji: Rwegura kwenye milima ya Kibira, yenye megawati 18 tangu 1986, Mugere, na ile ya mto Ruzizi ambayo Burundi inagawana na Rwanda na Kongo. Kiangazi maji yakipungua, mgao huongezeka, na kila umeme unaporudi huja na msukosuko. Umeme unapokatika, zoea kuchomoa kompyuta, na ukirudi subiri dakika tano kumi ndipo uchomeke.

Lakini si mikato mikubwa inayotatiza watu, kwa sababu kila mtu anaiona. Kinachotatiza ni mikato midogo. Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja huchukua milisekunde 20. Viwango vya pawa saplai za ATX, zilizo kwenye kompyuta nyingi za mezani, vinazitaka ziendelee kuilisha mashine kwa milisekunde 16 hivi baada ya umeme wa ukutani kutoweka. Maana yake hata iliyo mpya haidaiwi kuvumilia wimbi moja zima lililokosekana. Ya zamani, ambayo kapasita zake zimekauka, haifiki hata hapo. Feni ya dari inazunguka, redio inaimba, taa labda imepepesa labda haikupepesa, na kompyuta imekwisha kuanguka. Ndiyo maana mtu huapa kwamba umeme haukukatika, na hasemi uongo.

Mtu anayejua kutumia multimita apime prizi mchana na jioni. Inatakiwa iwe karibu na volti 220. Ikishuka chini ya 200 mara kwa mara, unahitaji stabilaiza, na hapana kiasi cha kufomati kitakachosaidia. Kama jirani yako ana karakana ya kuchomelea vyuma, na mtaani Buyenzi zimejaa, simama karibu na taa anapoanza kuchomelea. Taa ikififia kila cheche inaporuka, umepata jibu bila kipimo. Jenereta ndogo nayo si rafiki: volti yake hupanda na kushuka kila mzigo unapobadilika, na mafuta yakiwa haba mtu huiwasha kwa muda mfupi mfupi, jambo linaloongeza misukosuko.

Kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko vipimo vyote. Ibebe mashine uipeleke kwa ndugu au rafiki wa kartiye nyingine, wewe wa Buyenzi uipeleke Kinindo, wa Kamenge uipeleke Rohero, ikae huko siku mbili tatu ikifanya kazi ile ile kwa waya wa huko. Ikitulia, kompyuta yako ni nzima na nyumba yako ndiyo yenye kasoro. Ikijizima na huko, fungua kasha.

UPS iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo

UPS ni kisanduku chenye betri kinachoilisha kompyuta umeme ukikatika, na hapa madukani ukiomba onduleur utaeleweka upesi zaidi. Ndogo nyingi zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo kwenye ofisi yenye kiyoyozi hudumu miaka michache, na kwenye joto letu hudumu pungufu. Betri ikifa, UPS bado inawasha taa ya kijani, bado inapitisha umeme, mwenyewe anadhani yuko salama. Kisha umeme unatikisika, UPS inahamia kwenye betri isiyo na nguvu, na kompyuta inaanguka. Nyingine hujipima zenyewe kila baada ya muda, na katika kujipima huko huikatia kompyuta umeme hata kama wa ukutani ni mzuri.

Kuipima ni rahisi. Iache ichaji usiku kucha, toa kompyuta, chomeka taa yenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizima papo hapo au baada ya sekunde chache, betri imekwisha. Usiitupe UPS, betri huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa bisibisi. Huku ukisubiri kuipata, iondoe kabisa njiani uone kama mashine itatulia. Printa ya leza usiichomeke kamwe kwenye upande wa betri wa UPS.

Pawa saplai

Hiki ndicho kisanduku cha chuma chenye feni kinachopokea waya wa umeme nyuma ya kompyuta. Mafundi wa hapa hukiita alimentation. Kazi yake ni kugeuza volti 220 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Pamoja na hizo hutuma ishara kupitia waya mmoja wa kijivu, inayoiambia bodi kuu kwamba umeme uko sawa. Volti zikishuka, ishara hiyo huondoka, na bodi huianzisha mashine upya papo hapo ili isiharibu data. Kwa hiyo kompyuta inayojiwasha ovyo mara nyingi haijaharibika chochote: inatii amri ya pawa saplai iliyochoka.

Mashine ikiwa wazi na inafanya kazi, fundi aweke waya mweusi wa multimita kwenye waya mweusi wa plagi ya akiba ya diski, na mwekundu kwenye waya wa njano. Isome kati ya 11.4 na 12.6. Kwenye waya mwekundu isome kati ya 4.75 na 5.25. Pima ikiwa imetulia, kisha pima video ikicheza na programu kadhaa zikiwa wazi. Ile inayoanguka chini ya mpaka mzigo unapopanda imezeeka. Kuna mafundi wanaounganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikizunguka wanasema ni nzima. Jaribio hilo linathibitisha kwamba haijafa tu. Halisemi chochote juu ya uwezo wake wa kubeba mzigo.

Kisanduku chenyewe usikifungue. Ndani kuna kapasita zinazoweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Kitazame kwa tochi kupitia matundu ya feni: vumbi lililoshikana, mende, na si ajabu mjusi aliyeingia kutafuta uvuguvugu akakaukia humo. Ukiona mkia, badilisha kisanduku.

Ukienda kununua, angalia mambo matatu. Kwanza, pawa saplai za zamani huwa na swichi nyekundu nyuma yenye alama 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hapa hivyo hivyo utasikia mlio na utaona moshi, basi. Pili, OptiPlex na HP za maofisini za kuanzia mwaka 2013 hivi huwa na plagi zake zenyewe za kuingia kwenye bodi, za pini nane kwa Dell na sita kwa HP, wakati ya kawaida ina pini 24. Chukua kisanduku cha zamani mkononi uende nacho dukani. Tatu, usidanganywe na karatasi iliyoandikwa wati 500 kwenye kisanduku chepesi cha jina usilolijua. Cha mtumba cha Dell cha wati 255 au 305, kizito, chenye lebo yake ya asili, ndicho ningenunua kwa fedha yangu.

Joto, vumbi, na kompresa ya gereji

Kiangazi cha kuanzia Juni huleta vumbi, na ziwa huleta unyevu. Viwili hivyo vikikutana ndani ya kompyuta hufanya tabaka ambalo kupuliza kwa mdomo hakuliondoi. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini. Usiishie kutazama juu juu. Feni ya prosesa inaweza kuonekana safi, ukiifungua ukakuta kati yake na mapezi ya kipoozeo kuna zulia la vumbi lililobana kama blanketi. Hewa haipiti hapo hata feni ikizunguka kwa kelele. Zulia hilo hutoka kipande kizima kwa brashi ya rangi iliyo kavu.

Wengi hupeleka mashine gereji ikapulizwe kwa kompresa, na Buyenzi huhitaji kutembea mbali kuipata. Si vibaya, ila mwombe kijana wa gereji afungue kwanza koki ya chini ya tangi atoe maji, kwa sababu kompresa hukusanya maji na mafuta, na hutaki vitu hivyo viende kwenye bodi. Shika kila feni kwa kidole isizunguke inapopulizwa, na simama mbali kidogo. Nguvu ile inajaza matairi.

Baada ya miaka mingi, krimu iliyo kati ya prosesa na kipoozeo hukauka ikawa unga. Ondoa kipoozeo, futa pande zote mbili kwa spiriti ya duka la dawa mpaka chuma king'ae, weka krimu mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, kisha ubane. Dukani omba pâte thermique. Dawa ya meno, ambayo watu wameizoea kama mbadala, hukauka upesi na kukurudisha ulikotoka. Kipoozeo kikirudi kisicheze hata kidogo. Pini za plastiki za pembe nne kwenye mashine za Intel huvunjika, na moja ikiachia, prosesa hupanda joto ndani ya dakika chache tu.

Kujua kama joto ndilo chanzo, weka programu ya bure kama HWMonitor uiache wazi huku ukifanya kazi ya kawaida. Prosesa ikipita nyuzi 85 na kuendelea kupanda, una jibu. Au, kwa njia ya kienyeji, acha ubavu wazi uelekeze feni ya mezani ndani mchana mmoja. Ikitulia, ilikuwa joto. Hiyo si tiba ya kudumu: ubavu wazi huingiza vumbi na mijusi.

Kapasita zilizovimba

Ukiwa bado umefungua, tazama vile vidumu vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Juu yake vina mikato ya msalaba au herufi K. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa kabisa. Kikivimba kidogo, au kikitoa utomvu wa kahawia uliokauka, kapasita imekufa, na bodi inapata umeme wenye mawimbi badala ya ulionyooka. Tatizo hili lina historia. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kompyuta nyingi duniani zilitengenezwa na kapasita mbovu. Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilijulikana kwa ugonjwa huo, hata mwaka 2005 kampuni ikatenga dola milioni 300 kwa gharama za kuzirekebisha. Mashine za umri huo zilizogawiwa shule na makanisa bado unaweza kuzikuta, na nyingine zimekwisha kufomatiwa mara nyingi kwa kosa ambalo lilikuwa linaonekana kwa macho.

Kubadilisha ni kazi ya fundi redio kuliko fundi kompyuta, maana ndiye mwenye mkono wa kuyeyusha risasi. Mpelekee kapasita zenye mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi kidogo, zilizoandikwa nyuzi 105. Mstari ubavuni ni upande wa hasi. Ikiwekwa kinyume itapasuka.

RAM

Vipande vya RAM, barrette kwa lugha ya dukani, hushika kutu laini kwenye meno yake ya dhahabu kwa sababu ya unyevu. Vitoe, sugua meno kwa raba nyeupe ya shule, futa vumbi la raba, rudisha mpaka ndoano za pembeni zifunge zenyewe. Ajabu ni mara ngapi kazi huishia hapo. Isipoishia, tumia kipande kimoja kimoja kwa siku nzima. Kile ambacho mashine hujizima kikiwa ndani, na hutulia kikiwa nje, kiondoe. Usiku, iache ijipime: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, kisha Enter. Programu ya bure ya Memtest86+, inayoanzia kwenye flashi, ni kali zaidi. Kosa hata moja ni kosa. RAM nzima haikosei.

Windows imeandika kilichotokea

Sasa ndipo tunafika kwa Windows, na hata hapa usifomati kabla ya kusoma. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc, ufungue kumbukumbu za mfumo. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunayo, ni Journaux Windows, kisha Système. Tafuta saa ile iliyo daftarini mwako. Namba 1074 inasema ni nani aliyeamuru mashine ijiwashe upya, mtu au masasisho. Namba 41 ya Kernel-Power inasema mashine ilizimika bila kuaga. Fungua maelezo yake utazame BugcheckCode: ikiwa 0, umeme ulikatika au mashine iliganda, rudi juu kwenye pawa saplai. Ikiwa namba nyingine, Windows yenyewe ilianguka na ikajiwasha.

Kuona kioo cha bluu kabla hakijakimbia, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha tatu, bonyeza kitufe kilicho chini ya Démarrage et récupération, uondoe alama kwenye Redémarrer automatiquement. Mara ijayo kioo kitabaki, na utakipiga picha kwa simu. Kosa 0x124 huelekeza kwenye vifaa vyenyewe, 0x1A kwenye RAM, 0xD1 kwenye dereva, aghalabu wa kadi ya Wi-Fi au ya picha uliyoichomeka hivi karibuni.

Kwa wenye Windows XP, ambayo haikupata tena masasisho ya kawaida baada ya Aprili 2014: mkikutana na kidirisha kinachohesabu sekunde 60 kurudi nyuma kabla ya kujiwasha, hicho chaweza kuwa kirusi cha familia ya Blaster ya mwaka 2003. Hapo, na hapo tu, ninakubali neno virusi kwa haraka. Kuandika shutdown -a kunasimamisha saa, halafu mashine itolewe kwenye mtandao na isafishwe.

Jaribio la kumaliza ubishi ni Linux. Weka Linux Mint kwenye flashi, anzisha mashine kutoka hapo bila kugusa diski, fanya kazi mchana kutwa. Ikijizima na humo, Windows haina hatia, na fundi anayetaka kufomati umwambie hivyo. Isipojizima, fomati kwa moyo mweupe.

Ukiona bora kununua nyingine

Krimu, waya, betri ya UPS, RAM ya mtumba, hata pawa saplai, vyote vinastahili. Bodi iliyooza kapasita nyingi, au mashine iliyokaa majini wakati wa mafuriko, usiitilie fedha. Toa diski na RAM, ziuze au zitunze. Ukienda kununua nyingine ya mtumba, fika na flashi yenye video ndefu. Omba mashine iwashwe ichezeshe video kwa saa nzima mkiongea bei, ubavu ukiwa wazi. Tazama vichwa vya kapasita, nusa pawa saplai, chungulia swichi nyekundu, fungua BIOS usome saa kama iko sawa. Dhamana ya mdomo haitoshi, iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine na idadi ya siku. Muuzaji akikataa ubavu usifunguliwe, nenda duka la pili.